Dawati la Malalamiko: Mashine imenikatalia, kampuni inasema ni ya haki

Kabla ya safu hii nilikuwa upande wa pili. Niliketi kwenye dawati la malalamiko la kampuni ya bima, kazi yangu ikiwa kusoma barua za wateja na kuamua ziende kwa nani. Ndiyo maana mnaniita Mama Dawati, na nadhani ndiyo maana mwezi huu mmenimwagia barua zinazouliza jambo moja kwa sauti tofauti: kampuni zinatangaza kwamba akili mnemba yao ni ya haki, sasa mtu akiona hakutendewa haki aanzie wapi? Nimechagua barua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa kuwa ina mengi ndani yake.

Shikamoo Mama Dawati. Niliomba mkopo kwa programu ya simu. Kipato changu ni kilekile, na sijawahi kuchelewesha rejesho hata moja. Jibu lilifika kabla sijaiweka simu chini: "Samahani, kwa sasa hustahili." Nilipoandika kuuliza sababu, nikaambiwa uamuzi umetolewa na mfumo na wao hawana uwezo wa kuuingilia. Kwenye tovuti yao nikakuta ukurasa mzima unaosema wamejitolea kwa akili mnemba yenye haki, uwazi na uwajibikaji. Je, maneno hayo yana uzito au ni mapambo? Aliyekataliwa na simu.

Marahaba, mwanangu. Uzito yanao, ila hayatakufuata ulipo. Itabidi uyabebe mwenyewe ukayaweke mbele yao.

Ujue kwanza yanakotoka. Mtindo huu ulishika kasi mwaka 2018, Google ilipotoa kanuni zake za akili mnemba mwezi Juni na Microsoft nayo ikawa na zake sita, haki ikiwa mojawapo. Mwaka uliofuata nchi za OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi ambazo nyingi ni tajiri, zikakubaliana kanuni zao, na Novemba 2021 nchi wanachama wa UNESCO zikapitisha pendekezo la maadili ya akili mnemba. Julai 2023 kampuni saba, zikiwemo Amazon, Meta na OpenAI, zilitoa ahadi kwa Ikulu ya Marekani. Yote hayo ni ya hiari, na kitu cha hiari aliyekiandika anaweza kukifuta. Februari 2025 Google iliandika upya kanuni zake, na ile sehemu iliyotaja mambo ambayo kampuni haitayafanya, silaha zikiwemo, haikuonekana tena. Kwa hiyo leo hii, kabla hujafanya jambo jingine, piga picha ya skrini ya ule ukurasa, tarehe ionekane. Usitegemee kuukuta hapo mwezi ujao.

Lakini kampuni ikishatangaza jambo hadharani ili kumvuta mteja, hilo ni dai la biashara kama tangazo jingine lolote, na sheria za kumlinda mlaji karibu kila mahali zinakataza kumhadaa mteja. Kuna shauri moja napenda kulitaja. Desemba 2024 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani, FTC, ilifungua shauri dhidi ya IntelliVision, kampuni iliyokuwa ikiuza programu ya kutambua sura. Kampuni ilijinadi kwamba programu yake haina upendeleo wa jinsia wala wa rangi, na kwamba imefunzwa kwa mamilioni ya sura. Tume ikasema dai la kwanza halikuwa na ushahidi wa kulisimamisha. La pili nalo halikuwa kweli: watu halisi walikuwa kama 100,000, picha zao zikageuzwageuzwa na kompyuta hadi zikaonekana nyingi. Mambo yakaishia kwenye makubaliano ambayo kampuni imezuiwa kudai usahihi au kutokuwa na upendeleo bila vipimo vya kuaminika. Haikuhitajika sheria mpya ya akili mnemba hata kidogo. Ilitumika sheria yenye chimbuko lake mwaka 1914.

Basi tamko lao lichukue kama kielelezo cha ushahidi, uliambatanishe. Ila lisiwe ndiyo hoja yako kuu. Hoja kuu ni uamuzi wenyewe.

Katika Umoja wa Ulaya, kanuni ya ulinzi wa taarifa binafsi iliyoanza kutumika Mei 2018 ina ibara ya 22, nayo inasema mtu asiachiwe mashine peke yake katika uamuzi mzito unaomgusa. Pale inaporuhusiwa, ana haki ya kumpata binadamu wa kuupitia uamuzi, kutoa maelezo yake na kuupinga. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikasogeza mambo mbele Desemba 2023 katika shauri la SCHUFA, wakala wa Ujerumani anayewapa watu alama za ukopaji. Ilisema hata kuitengeneza alama tu ni uamuzi wa mashine, ikiwa mkopeshaji anaiegemea sana anapokubali au kukataa. Hapo ndipo ule mchezo wa "si sisi, ni wakala" na "si sisi, ni benki" ulipopungua nguvu. Kisha Februari 2025 likaja shauri la mtu wa Austria aliyenyimwa mkataba wa simu wa euro 10 kwa mwezi. Euro kumi! Mahakama ikasema anastahili kuelezwa, kwa namna inayoeleweka, ni taarifa zake zipi zilitumika na zilitumikaje. Kumtupia fomula ya hesabu hakuhesabiki kuwa maelezo.

Ulaya haiko peke yake. Sheria ya ulinzi wa data ya Kenya ya mwaka 2019 inalishughulikia jambo hili katika kifungu cha 35, na ile ya Tanzania ya mwaka 2022 nayo inagusa maamuzi yanayotolewa na mashine. Brazil inampa mtu haki ya kuomba uamuzi upitiwe upya, ingawa sheria yao haisemi kwamba anayeupitia lazima awe binadamu (mtu akuambie kuna faida gani mashine kujisahihishia mtihani wake). Marekani njia yao ni nyingine. Chini ya sheria ya fursa sawa ya mkopo ya mwaka 1974, mkopeshaji kwa kawaida ana siku 30 za kukujulisha uamuzi wake, na akikukatalia una haki ya kupewa sababu mahususi. Kanuni zake zinasema waziwazi kwamba kumwambia mtu "hukufikisha alama zinazotakiwa" hakutoshi. Tafuta sheria ya pale ulipo inasimama upande gani. Kwa kawaida ofisi inayosimamia ulinzi wa taarifa binafsi huieleza kwenye tovuti yake kwa lugha ya kawaida.

Sasa rudi kwenye jibu walilokupa: "hawana uwezo wa kuuingilia." Hiyo ni sentensi ya thamani kuliko ukurasa wao wote wa haki na uwazi. Wamekiri kwa maandishi kwamba hakuna binadamu katika uamuzi huo. Itunze.

Nikueleze pia kinachotokea upande wa ndani, maana hili nimelifanya kwa mikono yangu. Barua ikifika dawatini, anayeipokea huiwekea alama kwenye mfumo: hii ni "ulizo" au hii ni "lalamiko". Ulizo hujibiwa kwa maneno yaliyokwisha kuandaliwa, hufungwa, na habari yake inaishia hapo. Lalamiko lina namba yake, lina saa inayohesabu siku za kujibu, lina msimamizi anayelitazama, na mwisho wa robo mwaka linaingia kwenye hesabu ambazo mdhibiti anaweza kuziomba. Unaweza kukisia ni alama ipi inayompendeza mkuu wa kitengo. Wewe uliandika "naomba kujua kwa nini". Ulikuwa mpole, ukahesabiwa umeuliza. Safari hii usiwaachie nafasi ya kuchagua. Andika hivi:

"Hili ni lalamiko rasmi. Tarehe fulani niliomba mkopo, namba ya ombi ni hii. Nilikataliwa papo hapo na mfumo wa kompyuta, na tarehe fulani mliniandikia kwamba hakuna mtu anayeweza kuuingilia uamuzi huo. Naomba mambo manne: sababu mahususi za kukataliwa, nakala ya taarifa zangu zilizotumika na mlikozipata, ombi langu lipitiwe upya na mtu mwenye mamlaka ya kubadilisha uamuzi, na jibu lenu la mwisho kwa maandishi, likitaja ofisi ninayoweza kwenda nisiporidhika. Naambatanisha ahadi yenu ya haki na uwazi kama ilivyokuwa kwenye tovuti yenu tarehe hii. Naomba namba ya kumbukumbu ya lalamiko hili."

Basi, inatosha. Usitishie mahakama katika barua ya kwanza, na usidai wakufungulie siri za programu yao, maana utawapa sababu ya kuipeleka barua kwa wanasheria ikalale huko. Ile nakala ya taarifa zako ndiyo yenye mavuno. Watu wengi wanapokataliwa huiwazia akili mnemba kama jini fulani lenye chuki, kumbe mara nyingi kosa ni la kijinga kabisa: deni lililokwisha lipwa bado linasomeka wazi, majina mawili yanayofanana yamechanganywa, namba ya simu uliyoiacha zamani inatumiwa na mtu mwingine na madeni yake yote. Mashine imehesabu vizuri, ila imehesabu uchafu. Kosa la namna hiyo hurekebishika kwa barua moja ukiwa na stakabadhi.

Wakikaa kimya hadi muda wao wa kujibu upite, au wakikujibu lilelile, hapo unatoka nje: kwa msuluhishi wa malalamiko ya huduma za fedha kama yupo, kwa mdhibiti wa wakopeshaji, au kwa ofisi ya ulinzi wa taarifa binafsi. Karibu wote hao watakuuliza kwanza kama kampuni yenyewe ulishailalamikia. Ndipo ile namba ya kumbukumbu inapolipa.

Dada, habari za kazi. Niliiuliza roboti ya gumzo ya kampuni ya usafirishaji kama nitarudishiwa nauli nikighairi safari. Ikaniambia ndiyo, ndani ya siku saba. Nilighairi. Sasa huduma kwa wateja wanasema sera haiko hivyo, na kwamba majibu ya roboti ni mwongozo tu. Nani ananilipa? Msafiri mstaafu.

Nzuri, kaka. Kampuni ndiyo ya kukulipa, na una mwenzako aliyekutangulia.

Huyo alikuwa abiria wa Air Canada aliyefiwa na bibi yake. Roboti kwenye tovuti ya kampuni ikamwambia anaweza kukata tiketi kwa bei ya kawaida, halafu akaomba punguzo la wafiwa ndani ya siku 90. Sera halisi haikuruhusu kuomba baada ya safari. Kampuni ilijitetea kwa hoja ambayo hadi leo nikiisoma natikisa kichwa: kwamba roboti ni kama chombo kinachojitegemea, kinawajibika kwa matendo yake chenyewe. Februari 2024 baraza la usuluhishi wa madai madogo la British Columbia, Kanada, lilisema kampuni inawajibika kwa kila kilichomo kwenye tovuti yake, kiwe kwenye ukurasa wa kawaida au kinywani mwa roboti, na kwamba mteja hana sababu ya kujua kwamba sehemu moja ya tovuti ni ya kuaminika na nyingine siyo. Ikaamriwa imlipe dola za Kanada 812 na senti zake, riba na ada zikiwemo.

Uamuzi huo haufungi mahakama za kwingine, nisikudanganye, lakini hoja yake ni nyepesi kueleweka popote. Kilichomsaidia yule abiria ni kwamba alikuwa na picha ya skrini ya yale mazungumzo. Wewe hukuniambia kama unayo. Kama huna, omba nakala ya mazungumzo kwa kutumia haki yako ya kupata taarifa zako binafsi. Kidirisha kikifungwa yanapotea kwako, kwao mara nyingi yanabaki. Taja siku na saa uliyoongea na roboti ili wasiseme hawakuyapata.

Na kama mwanzoni mwa gumzo kulikuwa na onyo kwamba majibu yanaweza kuwa na makosa, watalitumia. Lipo, halipo, wewe eleza kwamba ulighairi safari kwa kuamini jibu hilo. Bila jibu la roboti usingeghairi. Hapo ndipo hasara yako ilipo.

Shikamoo Mama. Niliomba kazi saa saba usiku, na kabla ya saa saba na nusu nikapokea barua pepe ya kukataliwa. Nani alikuwa macho kusoma sifa zangu saa hizo? Nina miaka 57, na nahisi ni umri. Kampuni hiyo inasema mfumo wao wa kuajiri "umepimwa na hauna upendeleo". Mhasibu asiyelala.

Shikamoo ya mwenye miaka 57 naipokea kwa aibu kidogo, lakini marahaba.

Hakuna aliyekuwa macho, hilo ni wazi. Lakini tusikimbilie. Majibu ya haraka namna hiyo mara nyingi hayatoki kwa akili mnemba yoyote. Ni swali moja kwenye fomu, la ndiyo au hapana: una cheti fulani, una kibali cha kufanya kazi, una uzoefu wa miaka mingapi. Ukibofya jibu wasilolitaka, mlango unajifunga. Fungua tena nakala ya majibu yako uyasome kwa utulivu.

Kama huoni kosa hapo, hisia yako si ya kupuuzwa. Kampuni ya iTutorGroup, iliyokuwa ikiajiri walimu wa kufundisha kwa mtandao, ilishtakiwa na tume ya Marekani ya fursa sawa za ajira kwamba programu yake iliwakataa moja kwa moja wanawake wenye miaka 55 au zaidi na wanaume wenye 60 au zaidi. Agosti 2023 shauri likamalizwa kwa makubaliano ya dola 365,000 kwa waombaji zaidi ya 200. Kulingana na mashtaka, mwombaji mmoja aliyekataliwa alirudisha maombi yaleyale akiwa na tarehe ya kuzaliwa ya karibuni zaidi, akaitwa kwenye usaili. Sikutumi ukaghushi fomu, ila unaona jinsi jambo kama hili linavyojulikana: kwa kulinganisha. Peke yako una hisia tu. Mkipatikana waombaji kadhaa wenye sifa zinazokaribiana, umri tofauti na majibu tofauti, hapo mna shauri.

Hata pasipo mtu kuandika kanuni ya umri, mfumo unaweza kujifunza wenyewe. Shirika la habari la Reuters liliripoti mwaka 2018 kwamba Amazon ilikuwa imejaribu mfumo wa kupanga maombi ya kazi uliofunzwa kwa maombi ya miaka kumi, mengi yakiwa ya wanaume. Mfumo ukaanza kuzishusha alama wasifu zenye neno linaloashiria wanawake, na wahitimu wa vyuo viwili vya wanawake pekee. Wahandisi walirekebisha, kisha mradi ukaachwa kwa kukosa hakikisho kwamba hautapata njia nyingine ya kubagua.

Kuhusu hilo la "umepimwa", waulize kwa maandishi: umepimwa na nani, mwaka gani, kwa makundi yapi, na matokeo yako wapi? Jiji la New York tangu Julai 2023 linawalazimisha waajiri wanaotumia programu za namna hii kufanyiwa ukaguzi wa upendeleo na mkaguzi huru kila mwaka, wachapishe muhtasari na kumwarifu mwombaji. Ukaguzi huo lakini unaangalia jinsia na rangi au asili. Umri haumo. Kwa hiyo mtu anaweza kukuonesha cheti halali kabisa kisichohusiana na kinachokuuma.

Na muda wa kupeleka shauri la ubaguzi wa ajira mara nyingi ni mfupi, wakati mwingine miezi tu. Uliza muda huo wiki hii.

Mama Dawati, programu ya kusimamia mitihani mtandaoni kila mara inaniambia uso wangu hauonekani, niongeze mwanga. Wenzangu weupe hawaambiwi hivyo. Nikilalamika najibiwa "jaribu tena". Je, ninajidhania tu? Mwanafunzi mwenye taa ya mezani.

Una haki ya kushuku. Utafiti wa Joy Buolamwini na Timnit Gebru wa mwaka 2018 ulipima programu za kampuni tatu zilizokuwa zikibashiri jinsia ya mtu kwa kutazama uso. Kwa wanaume weupe, kosa halikuzidi asilimia 0.8. Kwa wanawake weusi lilifika asilimia 34.7. Baadaye baadhi ya kampuni hizo zilirekebisha mifumo yao, lakini programu yako si lazima iwe miongoni mwa zilizorekebishwa.

Ila kuna shauri la Uholanzi ulijue kabla hujaandika. Mwanafunzi mweusi wa chuo kikuu kimoja cha Amsterdam alikuwa na shida kama yako, naye aliishia kufanya mitihani na taa imemwelekea usoni. Taasisi ya Haki za Binadamu ya Uholanzi ilisema Desemba 2022 kwamba kuna dalili za kutosha za ubaguzi, ikakitaka chuo kithibitishe vinginevyo. Oktoba 2023, baada ya kumbukumbu za programu kuchambuliwa, ikaamua kwamba ubaguzi wa programu yenyewe haukuthibitika. Lakini ikakilaumu chuo kwa jinsi kilivyolishughulikia lalamiko lake bila uangalifu.

Kwa hiyo andika mambo mawili tofauti katika barua moja: programu inanitambua vibaya, na lalamiko langu halikuchunguzwa. La pili utalithibitisha kwa zile "jaribu tena" zote. La kwanza linategemea kumbukumbu zilizo mikononi mwao, basi omba kwa maandishi zisifutwe. Kila mtihani andika saa programu ilipokukatiza, dakika ulizopoteza na mwanga uliokuwepo.

Ndugu Mshauri, mimi niko upande mwingine. Nimepewa kazi ya kuandika tamko la kampuni yetu kuhusu akili mnemba yenye haki. Bosi anataka ukurasa mmoja mzuri. Niweke nini ili nisiwe mwongo? Mwandishi wa ahadi.

Karibu, na pole. Barua yako nimeifurahia kuliko zote.

Anza kwa kuuliza watu wa takwimu: haki kwa kipimo kipi? Wao wanajua kwamba vipimo vya haki havikubaliani. Unaweza kuwapa watu wa makundi mawili alama zinazomaanisha kitu kilekile, na bado kundi moja likawa linakataliwa kimakosa zaidi ya jingine. Watafiti walionesha kati ya 2016 na 2017 kwamba, isipokuwa katika hali chache sana, huwezi kuvitimiza vipimo hivyo vyote kwa pamoja makundi yakiwa yametofautiana tangu mwanzo. Kwa hiyo "mfumo wetu ni wa haki" ni sentensi isiyo na maana hadi useme umechagua nini na umeacha nini. Sema.

Usiandike pia kwamba mko salama kwa sababu "hatutumii rangi wala jinsia". Mwaka 2019 jarida la Science lilichapisha uchunguzi wa mfumo uliotumika sana katika hospitali za Marekani kuchagua wagonjwa wa kupewa uangalizi wa ziada. Rangi haikuwamo kabisa. Mfumo ulikuwa ukikisia gharama za matibabu za mtu, ukizichukulia kama kipimo cha ugonjwa wake. Kwa kuwa wagonjwa weusi walikuwa wakitumiwa fedha kidogo kuliko weupe wenye ugonjwa wa kiwango kilekile, walionekana wazima zaidi. Watafiti walikadiria kwamba kulirekebisha hilo kungepandisha idadi ya weusi miongoni mwa waliochaguliwa kutoka asilimia 17.7 hadi 46.5. Hakuna mtu aliyekusudia. Aliyechagua kupima gharama badala ya ugonjwa alifikiri anarahisisha kazi.

Watu wa mauzo watakuambia mtaje cheti cha ISO 42001, kiwango kilichotoka Desemba 2023. Kitajeni kama mnacho, lakini kinathibitisha kwamba mna utaratibu wa kusimamia akili mnemba. Hakithibitishi kwamba uamuzi wa jana kuhusu mteja fulani ulikuwa wa haki.

Nafasi iliyobaki itoe kwa malalamiko, maana huko ndiko kurasa nyingi za namna hii zinakonyamaza. Andika ni nani anapitia uamuzi mteja akipinga, kwa siku ngapi, na kwamba ana mamlaka ya kuubadilisha. Hilo la mamlaka usilitaje kama halipo. Aprili 2023 Mahakama ya Rufaa ya Amsterdam ilipitia madai ya madereva wa Uber waliofungiwa akaunti kwa tuhuma za udanganyifu. Uber ilisema binadamu walihusika. Mahakama iliona kuhusika kwenyewe kulikuwa kwa jina tu katika baadhi ya maamuzi hayo, ikayahesabu kuwa maamuzi ya mashine. Mtu anayebofya "thibitisha" siku nzima hajapitia kitu.

Kisha weka njia ya kulalamika ndani ya ujumbe uleule wa kukataliwa, si ukurasa wa tisa wa vigezo na masharti. Hakikisha malalamiko yanawafikia waliojenga mfumo, yakiwa yamepangwa kwa kundi la mteja na aina ya uamuzi. Nilikotoka mimi yalikuwa yakiishia kwa watu wa mahusiano, nao kazi yao ni kutuliza. Na ahidi kuchapisha kila mwaka hesabu mbili: maamuzi mangapi yalipingwa, mangapi yaligeuzwa. Kama hakuna hata moja lililogeuzwa, msomaji ataelewa mwenyewe.

Kitengo cha sheria watataka kuiondoa hiyo ahadi ya hesabu mbili. Wakiiondoa, niandikie uniambie walitoa sababu gani.